Venice na mama mwenye magoti: ule mfereji wa majumba tuupite na chombo gani?

kipepeo_tanga
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Iko hivi, dada angu anaishi Padova na mumewe na mtoto, mwezi wa sita nasafiri na mama kwenda kuwaona, viza zimetoka juzi alhamdulillah baada ya kuzungushwa weee. Sasa mama ana jambo lake moja tu Italia nzima, hataki Roma hataki maduka, anautaka ule mfereji mkubwa wa Venice wenye majumba ya wafalme huku na huku, Canal Grande. Aliuona kwenye tv zamani ukamkaa moyoni, mpaka leo akiona maji na boti kwenye tv anauliza "ndo kule?" Na mimi nimemuahidi atapita.

Shida zangu sasa. Mama anakaribia sabini na magoti yamechoka, ngazi tano tu anatafuta pa kukaa, na nasikia Venice ni madaraja mwanzo mwisho, hakuna bajaji hakuna teksi ya matairi. Ya pili hela, nimeona gondola euro 90 kwa nusu saa nikafunga simu, hiyo ni laki mbili na nusu na chenji juu jamani. Ya tatu tuna siku moja tu, asubuhi tunatoka Padova jioni tunarudi. Je nikimpandisha boti ya kawaida ya abiria atayaona majumba vizuri au tutaishia kuona migongo ya watalii? Na ndani ya hayo majumba watu wanaingia au ni kuangalia kwa nje tu? Na eti pananuka? Aliyefika anipe uzoefu wake, kugugo nimegugo mpaka nimechanganyikiwa.

MbebaBoksi
Dada kipepeo karibu sana, mi niko huku kaskazini ya Italia miaka mingi, wageni wote wanaokuja ni mimi nawapeleka Venice mpaka wife anasema nianze kudai posho.

Ondoa hofu ya boti ya kawaida, hiyo ndo yenyewe. Zinaitwa vaporetto, nyie mnayoitaka ni namba 1 maana inasimama karibu kila kituo na inaenda mdogo mdogo, toka stesheni ya treni mpaka San Marco ni kama dakika 45 hivi, mfereji wote una karibu kilomita 4 na umejipinda kama herufi S iliyogeuzwa kwaiyo kila kona inakuletea majumba mengine usoni. Namba 2 inapita humohumo ila inaruka vituo, waachie wenye haraka. Kuhusu magoti sikiliza vizuri hapa, kila kituo ni gati linaloelea, maji yakijaa linapanda yakipwa linashuka, kwaiyo sakafu ya gati na ya boti zinakuwa karibu sawa, mama anaingia kwa hatua moja bila ngazi, hata wenye viti vya magurudumu wanapanda.

Kazi iko kwenye kukaa. Mkikaa ndani katikati mtaona vioo vyenye chumvi na mabegi ya watu. Nendeni moja kwa moja nyuma kabisa, boti nyingi zina viti vichache vya nje pale nyuma, na baadhi za zamani zina viti vya mbele kabisa, mkibahatika na hivo mmeula. Ikija imejaa iacheni ipite, nyingine iko njiani. Kuna watu watawaambia mtembee mpaka Piazzale Roma mkapande mwanzo wa ruti ambako viti vipo, kwa mama HAPANA, kufika kule kwa miguu toka stesheni mnavuka lile daraja jipya la Calatrava la 2008, ngazi zake za vioo zimeangusha watu wengi mpaka mji ukaamua kuweka mawe. Pandieni hapohapo mbele ya stesheni, kituo kinaitwa Ferrovia.

Bei ni euro 9.50 tiketi moja, inadumu dakika 75 tangu uiguse kwenye mashine. Ya siku nzima 25. Kwenda na kurudi ni 19, kwaiyo ya siku inalipa kama mtapanda mara tatu na kuendelea, na nyie mtapanda, maana mtu wa magoti boti ndo miguu yake. Mi ningechukua ya siku mama ashuke anapotaka bila kuanza kumpigia hesabu.

Alafu kuna ada ya kuingia mjini kwa wale wanaokuja na kuondoka siku hiyohiyo. Walianza 2024, mwaka 2025 zilikuwa siku 54, zaidi Ijumaa mpaka Jumapili kati ya Aprili na Julai, euro 5 ukilipia mapema na 10 ukichelewa, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Dada ako kama ni mkazi wa mkoa wa Veneto halipi, ila nyie wageni mnalipa hata kama mnalala kwake. Njooni Jumanne au Jumatano, hiyo ada mtaikwepa na msongamano pia, ila angalia kwanza kalenda ya mwaka husika kwenye tovuti ya mji maana hawa jamaa wanabadilisha.

msela_kigamboni
Euro 90 kukokotwa nusu saa na mtu kavaa fulana ya mistari?? Kivuko cha huku kwetu mia mbili na upepo wa bahari bure. Natania dada, mpeleke bi mkubwa. Ila mkifika uwanja wa San Marco msikae mgahawa wowote wenye bendi bila kusoma menyu, mi na washkaji tulikaa mmoja tukaagiza kahawa, bili ikaja na hela ya muziki, yaani kila mtu kalipia violini ambayo hakuiomba.

msafiri254
Niaje watu wangu, mimi nitaenda kinyume na wengi hapa, msiidharau gondola kabla hamjapiga hesabu. Ile bei ni ya chombo, sio ya kichwa. Mchana ni 90 kwa nusu saa, kuanzia saa moja jioni inakuwa 110, na wanabeba hadi watu watano. Nyinyi ni wewe, mum, sister, shemeji na mtoto, hao ni watano kamili, gawanyeni muone kila mtu ni ngapi. Bei imewekwa na mji wenyewe kwa hivyo mtu akikutajia 120 mchana mwambie asante na uende kwa mwingine.

Lakini kitu ambacho watu hawaambiwi ni hiki, usiingie gondola ndiyo uzungushwe Canal Grande. Pale katikati vaporetto zinapita, boti za mizigo zinapita, za takataka, za polisi, ambulensi, zote na injini, na gondola ni kitu chembamba cha kama mita 11 kisicho na ubavu wa kupigana na mawimbi hayo, utakuwa umeshika ukingo badala ya kuangalia chochote. Ni chombo cha mifereji midogo huko ndani, ambako ni kimya na kuta ziko karibu unaweza kuzigusa, hapo ndiyo unasikia lile kasia. Na ukiiangalia kutoka mbele utaona imepinda, upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, wameitengeneza hivyo makusudi kwa sababu mwendeshaji anasimama nyuma upande mmoja na anapiga kasia upande mmoja tu, ingekuwa imenyooka ingekuwa inazunguka papo hapo.

Kwa mum shida ni kuingia na kutoka, kuna ngazi za mbao na chombo kinacheza. Wale jamaa wanashika mkono vizuri, lakini akiwa hataki usimlazimishe. Na kama shemeji anataka tu kusema amepanda, kuna gondola za kuvusha watu upande wa pili, zinaitwa traghetto, euro 2 dakika mbili mmefika, ile ya Santa Sofia inavuka hadi soko la samaki la Rialto. Samaki ni asubuhi na si Jumapili wala Jumatatu.

kipepeo_tanga
Asanteni sana jamani, MbebaBoksi Mungu akubariki hiyo ya gati kuelea nimemsomea mama kafurahi mpaka kaamka kitini. Msafiri nimeelewa hesabu yako, watano ni euro 18 kila mmoja, hapo shemeji anaweza kulainika. Sasa swali la ndani ya majumba bado. Na mama anauliza wafalme wenyewe walikuwa wangapi mpaka wajenge nyumba zote hizo? Nimeshindwa kumjibu.

bwana_baraza
Assalaam alaykum. Bi mkubwa kauliza swali zuri kuliko nyie wote, mwambie shikamoo yake kutoka Unguja.

Mwambie hapakuwa na mfalme hata mmoja. Venice ilikuwa jamhuri, na iliendelea hivyo mpaka 1797 alipokuja Napoleon akaimaliza. Walikuwa na mkuu wao aitwaye Doge lakini alichaguliwa, na walimbana kweli kweli. Hayo majumba ni ya matajiri wa biashara, watu wa pilipili na hariri na nguo, familia kubwa zilizokuwa na merikebu zao na viti vyao kwenye baraza kuu. Na kila familia ilitaka ionekane pale, maana ule mfereji ndio uliokuwa barabara ya wageni, mabalozi na mali. Kwa hiyo nyumba nyingi pale zilikuwa zote mbili, makazi na ghala. Chini usawa wa maji pana mlango mkubwa, jahazi ndogo inafunga hapo mzigo unashushwa moja kwa moja ndani. Ghorofa ya kwanza juu yake ndiko wanakoishi wenyewe, ndio maana utaona madirisha makubwa yenye nakshi yako pale kati na sio chini.

Sasa kitu nataka mama akijue kabla hajapanda: uso wa nyumba uko majini. Anayetembea kwa miguu Venice anaona mapaja ya nyumba na vichochoro na milango ya nyuma, wenye nyumba wenyewe wakitoka rasmi walitokea majini. Basi magoti ya mama hayamzuilii kitu, anapita njia waliyopita wao, na wenye magoti mazima wako juu kwenye madaraja wanachungulia.

Namna ya kuzisoma nyumba ukiwa botini, ni rahisi tu. Angalia madirisha ya katikati yaliyopangana na nguzo, hayo yana maana nyuma yake pana ukumbi mrefu unaokwenda toka upande wa maji mpaka upande wa uani, vyumba viko kushoto na kulia. Hapo hapo angalia matao. Yakiwa yamechongoka juu na kutobolewa tobolewa kama kazi ya lesi hiyo ni ya miaka ya 1300 mpaka 1400 na kitu. Yakiwa mviringo mtupu na nguzo zimepangika kwa hesabu hiyo imekuja baadaye, 1500 hivi. Na ukiona sura za simba na majitu yamechongwa kila pembe na jiwe linaonekana zito kama litaanguka hiyo ni ya 1600. Ca' Pesaro (Ca' kwa kwao ni nyumba) ni ya aina hiyo, iko kulia kwenu mkitoka stesheni.

Na utajiuliza zimesimamaje. Wamepigilia magogo mengi sana kwenye tope, karibu karibu, na gogo likizama topeni lisipate hewa halioozi upesi. Juu yake wakalaza jiwe jeupe la Istria ambalo halinywi maji, ndipo tofali zikaanza. Kanisa la Salute lile la kuba kubwa mwisho wa mfereji, lililojengwa kwa nadhiri baada ya tauni ya 1630, linasemekana limekalia magogo zaidi ya milioni moja. Shida ya leo ni kuwa maji yamepanda kuliko walivyokadiria wale mafundi, yanapita juu ya lile jiwe jeupe na kufika kwenye tofali, tofali inanyonya, chumvi inaila kwa ndani, na mawimbi ya injini nayo yanagonga usiku na mchana. Utaona alama ya majani ya kijani milangoni imepanda vidato kadhaa, milango mingi ya maji imefungwa kabisa.

Kuhusu harufu, maji ya pale yanajaa na kupwa kama bahari yoyote, siku za joto maji yakipwa sana kwenye vifereji vidogo utasikia tope kidogo. Kwenye mfereji mkubwa hapana, maji yanatembea. Maji ya bamvua yenyewe yanayoingia mpaka madukani ni zaidi ya vuli na baridi, ile mbaya ya Novemba 2019 ilifika sentimita 187, na tangu Oktoba 2020 wana milango ya chuma 78 baharini inayoinuka kuyazuia. Mwezi wa sita msiwe na wasiwasi nayo.

msela_kigamboni
Bwana baraza umeua. Ila hujataja nyumba yenye mkosi, ile imeinama.

bwana_baraza
Ca' Dario. Iko kulia, karibu kabisa na Salute, ya miaka ya 1480, ndogo, ina mawe ya rangi ya duara duara usoni na kweli imeinama. Watu wanasema kila mwenye kuimiliki anaharibikiwa. Tajiri mmoja mkubwa wa viwanda, Raul Gardini, aliinunua miaka ya 80 na akajiua 1993 kwenye lile joto la kashfa za rushwa Italia, baada ya hapo kupata mnunuzi ikawa kazi. Mimi kwa mikosi ya nyumba nanyamaza, lakini ukitaka kuumia moyo kwa kisa cha kweli angalia Ca' Foscari, pale kwenye kona kali ya mfereji, kulia baada ya daraja la Rialto, sasa ni chuo kikuu. Doge Francesco Foscari aliijenga 1453 mahali ambapo kila chombo lazima kimuone. Mwanawe alishapelekwa uhamishoni akafia huko, na 1457 wakubwa wenzake wakamlazimisha mzee kujiuzulu, akarudi kwenye hiyo nyumba yake nzuri na siku chache tu akafa. Alikuwa ametawala zaidi ya miaka thelathini.

kipepeo_tanga
Hii nimemsomea mama akasema "masikini, na nyumba hajaifaidi". Ameikariri jina kabisa, Foskari. Kwaiyo ya kuingia ndani ni ipi sasa? Moja tu, yenye ngazi chache.

MbebaBoksi
Ya kuingia mi nasema Ca' d'Oro, na sababu ni ya kigoti kabisa: kituo cha boti kinaitwa hivohivo Ca' d'Oro, unashuka unaingia kichochoro mlango uko hapo, hakuna daraja hata moja. Ilijengwa miaka ya 1420 mpaka 1430 na ushee na tajiri Marino Contarini, na mbele palipakwa dhahabu kweli kweli pamoja na bluu ya bei mbaya na nyekundu, saivi rangi imeisha yote limebaki jiwe. Hata kama mama hatapanda juu, chini pana ua wenye kisima cha kuchongwa na sakafu ya vijiwe vya rangi inayotazama maji, hiyo sakafu aliibuni baron Franchetti aliyeikarabati nyumba akaipa serikali 1916, na sehemu yake aliipanga kwa mikono yake, majivu yake yako hapohapo chini ya nguzo. Juu kuna baraza la matao linaloangalia mfereji, hilo ndo la picha, akiweza apande taratibu. Ila hiyo nyumba ina ukarabati wa mara kwa mara, muulize dada ako apige simu kabla asije akakuta nusu imefungwa.

Nyingine nzuri sana ni Ca' Rezzonico, dari zimechorwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hiyo familia walikuwa wageni toka Lombardia wakanunua cheo cha ukoo bora kwa hela 1687, wakainunua nyumba ya watu waliofilisika katikati ya ujenzi, na 1758 mmoja wao akawa Papa. Wapya wa mjini walivojua kutamba! Ila pale kuna kutembea kidogo na ngazi za maana, ningeiacha kwa ajili ya mama.

mwl_mstaafu
Poleni na majukumu. Nimesoma uzi wote nikaona mmesahau la kwetu. Mama akifika kituo cha Accademia, makumbusho ya picha yako hapo hapo gatini, Gallerie dell'Accademia, hakuna daraja la kuvuka. Ndani muulizeni mlinzi picha ya Carpaccio ya daraja la Rialto, aliichora miaka ya 1490. Humo mtaona Canal Grande yenyewe jinsi ilivyokuwa, na daraja la Rialto likiwa bado la mbao lenye kipande cha katikati kinachoinuliwa ili merikebu zenye milingoti zipite, maana hili la mawe la leo limejengwa 1588 mpaka 1591. Na mbele kabisa kwenye gondola anapiga kasia kijana Mwafrika, mweusi, kavaa nadhifu. Hakuwekwa pale kama pambo, enzi hizo Waafrika waliokuwa wakiendesha gondola Venice walikuwapo, wengi waliletwa kama watumwa na baadhi wakaachwa huru wakaendelea na kazi hiyohiyo. Mama aone kwamba hatakuwa wa kwanza.

La pili ushanga. Karne ya 19 misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba mizigo na mizigo ya ushanga, ndiyo ilikuwa fedha ya njiani, ya kununulia chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa njia, kwa machifu, na sehemu kubwa ya ushanga huo, ikiwamo ule mwekundu wa samesame, ilitengenezwa Venice na Murano. Rangi zikibadilika huku bara mfanyabiashara wa Zanzibar aliyeagiza za mwaka jana alikuwa anakula hasara, maana kila kabila lilikuwa na chaguo lake na halidanganyiki. Basi sehemu ya utajiri uliokuwa ukizunguka katika mji ule hata baada ya jamhuri kufa ulitoka kwenye shingo za bibi zetu. Murano ni kisiwa kingine, kuna jumba la makumbusho la vioo, lakini kwa siku moja na mtu wa magoti msijaribu, mtamchosha.

Na upande wa kulia, mkitoka stesheni, mtazameni jengo jeupe refu la matao lililo kabla ya kituo cha San Stae. Ni Fondaco dei Turchi. Kuanzia 1621 mpaka 1838 wafanyabiashara Waislamu wa dola ya Uthmaniya walikaa humo na mali zao, walikuwa na mahali pa kuswali na pa kuogea, na usiku milango ilikuwa ikifungwa na walinzi. Waliwahitaji kibiashara na wakawaogopa hapo hapo. Leo ni makumbusho ya viumbe.

msafiri254
Mwalimu hiyo ya gondola nimefika Accademia na sikuiona, ama niliipita tu. Picha ni kubwa?

mwl_mstaafu
Ni kubwa, karibu mita nne kwenda juu, huwezi kuikosa ukiambiwa. Tatizo watu wanaingia mle wamechoka tayari.

kipepeo_tanga
Jamani mmenimaliza. Mpango umekaa hivi, Jumanne, treni ya asubuhi mapema, namba 1 toka Ferrovia, kushuka Ca' d'Oro, kupanda tena mpaka Accademia, mama apumzike na aone kijana wetu, kupanda tena mpaka San Marco. Shemeji na mtoto watavuka na ile ya euro 2 wakaone samaki. Gondola tutaamua hukohuko kulingana na goti. Jioni namba 1 kurudi stesheni. Mliobaki na la kuongeza ongezeni, hasa mwisho pale San Marco naogopa madaraja.

MbebaBoksi
Mpango safi sana. San Marco shukieni kituo cha Vallaresso, msipitilize San Zaccaria. Toka Vallaresso nyoosheni na kichochoro kilichopo mbele yenu alafu kulia, mnatokea uwanjani bila daraja, ukishukia San Zaccaria kuna daraja la ngazi lazima mpande ndo mfike kanisa la San Marco, na hilo linajaa watu wa kupiga picha kila saa. Maji ya kunywa beba chupa, kuna mabomba ya bure mjini kote. Choo cha mji ni euro 1.50 kwaiyo mama aende cha kwenye makumbusho akiwa Accademia, bure na kisafi. Na yule mtoto mshikeni, kuogelea au hata kuruka kwenye maji ni faini ya mamia ya euro na kufukuzwa mjini, mwandishi mmoja Mwingereza Byron alikuwa anauogelea huo mfereji miaka ya 1818 huko, ila enzi hizo ruksa.

Jioni kurudi chagua upande ambao hukukaa asubuhi. Yaani asubuhi kama mlikaa kushoto jioni kaeni kulia... aah ngoja, mkikaa hivo mtaona upande uleule maana boti imegeuka, kaeni upande uleule wa kushoto ndo mtaona majumba mengine.

msela_kigamboni
Hapo umetuvuruga mkuu, si wakae nyuma nje waone pande zote basi.

MbebaBoksi
Sawa wakae nyuma lol.

kipepeo_tanga
Swali la mwisho naapa, tiketi ya treni Padova Venice tukate mapema mtandaoni au siku hiyohiyo?

MbebaBoksi
Siku hiyohiyo tu dada, treni za mkoa zinapita kila mara, ni nusu saa hivi na bei haibadiliki, kama euro 5 kila mtu. Mkikata ya karatasi igongeni kwenye mashine kabla ya kupanda, kondakta hana msamaha wa ugeni. Na msishuke Mestre, shukeni Venezia Santa Lucia, ndo mwisho wa reli, mkitoka tu mlangoni mfereji uko mbele yenu.